Kusukuma, kukata na kuunda biskuti za nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila kumi la mwisho la Ramadhani simu yangu haipumziki na maswali ni yaleyale, mara donge linanata, mara kibati hakikati, mara nyota imeingia kwenye oveni ikatoka duara. Nimeona niyakusanye yote hapa. Mi nachoma Dar, kwenye joto la Dar, kwa hiyo majibu mengi ni ya jiko la mtu wa pwani, we uliyeko Arusha au Nairobi au huko Ulaya kwenye baridi kuna mahali mambo yatakuwa rahisi kwako kuliko kwangu. Utaona pia narudia sana habari ya donge kupoa, ni kwasababu naamini kabisa umbo la biskuti linaharibiwa na donge la moto kuliko kitu kingine chochote, ukilishika hilo nusu ya maswali haya yanajijibu.

## Kwanza donge

1. Biskuti zipi tunazozungumzia hapa?

Kwa nyumba zetu naziona za aina nne. Kuna za kusukuma na kukata, unasukuma donge kama chapati alafu unakata kwa kibati, maua, nyota, mwezi. Kuna za mkono kama nankhatai na vileja, hizi huzisukumi, unaviringa kidonge kwenye kiganja unabonyeza. Kuna za mashine, ile ya kubana au ile ya kusagia nyama iliyowekwa kibati cha biskuti. Na kuna za gogo, unaviringa donge kama mhogo unaliganzisha unakata kwa kisu.

Kila moja inataka donge la kwake. Makosa mengi yanaanzia hapo, mtu anachukua donge la nankhatai anataka kulikata nyota, haliwezi kukubali, lina mafuta mengi na halishikani.

2. Sijawahi kukata biskuti hata siku moja, nianze na vipimo gani?

Anza na hivi: unga wa ngano robo kilo, siagi gramu 125, sukari ya unga gramu 100, kiini cha yai kimoja, chumvi kidogo, arki ya vanila au hiliki iliyosagwa. Yani siagi ni nusu ya uzito wa unga, hiyo kumbuka kichwani. Piga siagi na sukari mpaka zichanganyike tu, usipige mpaka ijae upepo kama ya keki, tia kiini, tia unga, kusanya. Kama halishikani tia maziwa kijiko kimoja cha chai, subiri, angalia, usikimbilie cha pili.

Kuna kipimo kingine maarufu cha sukari fungu moja, siagi mafungu mawili, unga mafungu matatu kwa uzito, bila yai. Biskuti yake ni tamu sana, inayeyuka mdomoni, lakini siagi ni nyingi na kwa joto letu mtu anayeanza itamsumbua kukata. Iache mpaka mkono uzoee.

Na bekingi pauda? Kwa biskuti za kukata mi siweki kabisa. Kazi yake ni kufumua na we hapa unataka ncha za nyota zibaki ncha. Ukipenda iwe nyepesi weka robo kijiko cha chai kwa robo kilo ya unga, usizidishe.

3. Siagi ya ng'ombe, margarini au samli?

Tukubaliane kwanza maneno, watu wengi wakisema siagi wanamaanisha margarini ya kopo. Zote zinafaa, tabia ndo tofauti. Siagi ya ng'ombe ina mafuta kama asilimia 80 na iliyobaki karibu yote ni maji, inaganda ngumu kwenye friji lakini inayeyuka kwenye nyuzi joto 32 hadi 35, ambayo ni joto la mchana wa kawaida hapa mwezi wa kwanza na wa pili. Ladha yake haina mshindani. Margarini ya kopo inakaa laini hata kwenye baridi, inavumilia zaidi lakini donge lake haligandi sawasawa. Soma kopo, kama imeandikwa ni ya kupaka mkate na mafuta yake ni asilimia 60 au chini, maji ni mengi humo na biskuti itakuwa ngumu badala ya kuvunjika kwa ulaini.

Samli haina maji, kwa hiyo biskuti inakuwa ya kumung'unyika, ndo maana nankhatai na vileja ni vya samli. Kwa kukata kwa vibati samli peke yake ni ngumu, changanya nusu samli nusu siagi ukitaka ile harufu.

4. Sukari ya kawaida inafaa?

Inafaa kwa za mkono. Kwa za kukata tafuta ya unga au saga yako kwenye blenda kavu kabisa. Punje kubwa haziyeyuki ndani ya donge, zinayeyuka kwenye moto, zikiyeyuka biskuti inatanuka na juu inakuwa na madoa madoa. Ukizidisha sukari ya aina yoyote pia itatanuka.

5. Kwanini kila mtu anasema usikande?

Ngano ikikutana na maji na mkono unaokanda inatengeneza gluteni, ule uvutano tunaoutafuta kwenye chapati na maandazi. Kwenye biskuti ni balaa mbili, inakuwa ngumu kama mbao na donge linajirudi. We unakata duara safi, unalihamisha, linajikunja linakuwa kama yai. Umeshaona hivo? Ni donge lililokandwa sana. Kusanya kwa vidole mpaka lishikane, basi. Likijirudi tayari, lifunike lipumzike nusu saa kwenye baridi, litatulia.

## Kupoza donge

6. Friji ni lazima?

Kwa pwani ndio, na sibadilishi kauli. Donge likitoka bakulini lina mafuta yaliyolainika na unga ambao bado haujanywa unyevu vizuri, ukilikata hapo hapo litanata, litavutika, na kwenye oveni mafuta yanayeyuka kabla unga haujakaza. Lipige bapa kama kitabu, unene wa vidole viwili, lifunge nailoni, weka friji dakika 45 hadi saa moja. Usiliweke tufe, tufe linaganda nje katikati bado uji.

Alafu baada ya kukata zirudishe tena kwenye baridi dakika 15 na trei yake kabla ya kuingia kwenye moto. Hii ya pili ndo watu wanairuka na ndo inayoshika umbo.

7. Sina friji, au umeme umekatika, nifanyeje?

Mama zetu walichoma biskuti za Idi kabla friji hazijaingia kila nyumba. Siri ya kwanza ni saa. Changanya donge alfajiri baada ya swala au usiku baada ya tarawehe, sakafu na sinia zimepoa, acha kabisa kufanya hii kazi saa nane mchana jikoni kukiwa na mbaazi zinachemka.

Ya pili ni barafu. Zile barafu za kwenye mifuko zinazouzwa mtaani, zivunje kwenye beseni, weka sinia la chuma juu yake, donge lililofungwa nailoni juu ya sinia, funika na taulo. Dakika arobaini linakuwa limekaza vizuri. Hakikisha maji hayaingii. Hata kusukuma unaweza kusukumia juu ya sinia lililogeuzwa lenye barafu chini, mi nimefanya hivo mwaka wa mgao mkali na biskuti zilitoka safi.

Ya tatu, ongeza unga vijiko viwili vya chakula kwenye vipimo vya swali la 2 na chagua maumbo mapana, duara, moyo, mraba. Ukiwa huna baridi usijisumbue na nyota wala mwezi mwembamba.

8. Nimeliacha friji usiku kucha sasa linapasuka pasuka nikisukuma.

Siagi imeganda kuliko inavyotakiwa. Liache mezani dakika 10, kwa joto letu zinatosha, alafu lipigepige kwa mti wa kusukumia, gonga gonga ukiligeuza, lilainike sawasawa bila kuyeyuka. Ukilibonyeza kwa kidole lionyeshe alama lakini kidole kisizame. Kama hata likilainika bado linapasuka pembeni basi ni kavu, nyunyiza maziwa kwa vidole tu, lirudishe lipumzike.

## Kusukuma

9. Unene kiasi gani, na nitajuaje kama uko sawa kila mahali?

Milimita 5 kwa biskuti ya kawaida. Ukitaka ile ya kuvunjika kwa kelele shuka mpaka 3, na kama utaipaka sukari juu na kuipamba panda mpaka 6 au 7 isivunjike mkononi mwa mtoto.

Usawa ni muhimu kuliko namba yenyewe, coz trei moja ikiwa na nene na nyembamba, nyembamba zinaungua wakati nene bado mbichi. Njia ya uhakika ni vijiti viwili vya unene uleule, unaviweka kulia na kushoto kwa donge, mti wako unapita juu yake, ukigusa vijiti hauwezi kushuka zaidi. Penseli mbili zinakupa kama milimita 7. Fundi seremala yeyote atakukatia za milimita 5 kutoka kwenye mabaki yake. Hii ni kazi ya dakika moja na itakusaidia miaka.

Sukuma kutoka katikati kwenda nje, geuza donge robo mzunguko kila mara. Wanaojua chapati wana mkono tayari, tofauti ni kwamba hapa huvuti na wala hukandamizi kwa nguvu.

10. Biskuti zangu zina unga unga mweupe juu na ni kavu, kwanini?

Ni unga wa kunyunyizia. Kila ukimwaga ngumi ya unga juu ya kibao ule unga unaingia kwenye donge, mwisho wa siku umebadilisha vipimo. Acha kunyunyiza, weka donge katikati ya nailoni mbili safi au karatasi mbili za kuokea alafu sukuma, halinati popote na mti wako unabaki msafi. Nailoni ikijikunja inaacha mistari, ibandue, inyooshe, endelea. Kama lazima unyunyize basi iwe kidogo sana na mwishoni futa kwa brashi kavu kabla ya kuchoma.

11. Sina mti wa chapati.

Chupa ya soda ya glasi, oshwa, ondoa lebo, kausha. Ukiijaza maji ya baridi na kuifunga vizuri ndo bora zaidi, inapoza donge huku inasukuma.

## Kukata

12. Sina vibati, naweza kutumia nini?

Glasi nyembamba ya maji, mfuniko wa chupa, kopo dogo la nyanya lililoondolewa pande zote mbili na kusuguliwa kingo zisikukate. Kitu chenye mdomo mwembamba ndo kinakata, kikombe kinene cha udongo kinabana tu donge pembeni.

Kisu na rula vinatosha kabisa kwa mraba, mstatili na almasi, alafu hazibakizi mabaki mengi, kwa kweli kama unachoma nyingi kisu ni bora kuliko kibati. Na kama unataka maumbo yako mwenyewe nenda kwa fundi bati, wale wanaotengeneza koroboi na majiko, mchoree mwezi na nyota kwenye karatasi, akukunjie utepe wa bati upana wa sentimita mbili hivi. Mwambie upande wa kushika aukunje usikukate kiganja na maungio yawe nje. Vya dukani vipo kwenye masoko kama Kariakoo, Darajani, Marikiti, angalia tu kingo ziwe kali na umbo lisiwe na vijipande vyembamba sana, mkia wa paka na miguu ya ngamia vinavunjika kila mara.

13. Donge linang'ang'ania ndani ya kibati.

Donge limepata joto. Rudi swali la 6. Ukiwa katikati ya kazi, chovya kibati kwenye unga kikung'ute, bonyeza moja kwa moja chini, kitikise kidogo kulia kushoto kionyeshe kimefika, inua. Baada ya kama dakika kumi mezani donge linakuwa limechoka kwa joto, usipigane nalo, lote lirudishe kwenye baridi dakika kumi we kunywa chai.

Kwa hiyo gawa donge mafungu mawili au matatu tangu mwanzo, moja linakatwa mengine yanasubiri kwenye friji.

14. Nakata vizuri lakini nikizinyanyua kupeleka kwenye trei zinaharibika.

Usizinyanyue. Sukuma donge juu ya karatasi ya kuokea yenyewe, kata ukiacha nafasi ya kidole kati ya umbo na umbo, alafu ondoa kile kilichobaki katikati, biskuti zibaki pale pale, unavuta karatasi nzima kuipeleka kwenye trei. Huu ujanja mmoja umeokoa watu wengi kuliko maelezo yangu yote mengine. Kama huna karatasi, nyanyua kwa kisu kipana au kijiko bapa cha kugeuzia chapati, chini kabisa, na biskuti ikiwa baridi.

15. Mabaki ya pembeni niyakusanye mara ngapi?

Mara moja vizuri, mara ya pili inavumilika, ya tatu inakuwa biskuti ya kuliwa na nyie wenyewe. Kila ukiyakusanya unakanda upya na unaingiza unga (swali la 5 na la 10). Yapange yakipandiana kama vigae, yabonyeze yashikane, usiyafinyange tufe. Na kata kwa kubananisha maumbo tangu mwanzo, yasiachane zaidi ya ule upana wa kidole wa swali la 14, anzia pembeni uje katikati, watu wanakatia nyota moja katikati kabisa ya donge wanaharibu kila kitu.

16. Yale matundu ya uma ni urembo tu?

Hapana, ni njia ya mvuke. Siagi ina maji, yakichemka yanataka kutoka, yasipopata njia yanainua uso wa biskuti malengelenge. Toboa mpaka chini, mistari miwili mitatu, kabla ya kupoza mara ya mwisho. Kwa biskuti ndogo kama sarafu si lazima.

## Za mkono, mashine na gogo

17. Nankhatai zangu zinakuwa bapa kama kaki, au zinapasuka, ipi ni sahihi?

Kupasuka ni sahihi! Nankhatai ikikosa nyufa juu watu wa Gujarati, ambao ndio waliotuletea, wataona kuna kitu kimekosekana. Uso wake unakauka wakati ndani bado inainuka, ndo inapasuka. Nyufa ndogo ndogo ni uzuri wake.

Kuwa bapa ndo tatizo, na mara nyingi ni samli ya maji. Samli lazima iwe imeganda, nyeupe, uipige na sukari kwa mkono au kwa kijiko cha mbao mpaka iwe kama krimu, alafu unga uingie kidogo kidogo mpaka donge likusanyike bila kung'aa mafuta. Viringa kidonge ukubwa wa ndimu ndogo, kigandamize kwa kiganja taratibu kiwe kama kitufe kinene, tia kishimo kwa kidole gumba katikati, weka lozi au pistachio. Kikipasuka pembeni wakati unagandamiza, kiviringe tena huku kiganja kina joto, zile nyufa za kabla ya moto ndo hatuzitaki. Zipoze nusu saa.

18. Vileja vinamomonyoka hata kushika havishikiki.

Vileja ni vya unga wa mchele, na mchele hauna gluteni, hakuna kinachoshikilia zaidi ya yai na samli. Mambo matatu. Unga uwe laini kabisa, uchekeche, wa kusaga nyumbani uchekeche mara mbili. Donge lipumzike saa nzima, mchele unakunywa polepole, donge linalomomonyoka saa hii likipumzika unakuta linashikika. Na usivifanye vikubwa, sentimita tatu au nne upana, vinene, ubonyeze kwenye viganja mpaka usikie vimebana, alafu alama ya uma au kidole katikati. Bado havishikani? Ute wa yai kijiko kimoja kimoja. Vikitoka kwenye moto usiviguse mpaka vipoe kabisa, vya moto vinakuwa mchanga.

19. Mashine ya kubana haitoi maua, inatoa mkia mkia tu.

Hapa sheria ya baridi inageuka, na ndo inachanganya watu. Donge la mashine linatakiwa laini, la joto la chumba, likiwa gumu halipiti kwenye kibati na spring inavunjika. Trei ndo iwe baridi, na iwe tupu, bila mafuta wala karatasi. Ua linabaki chini kwasababu linashika trei, ukiipaka mafuta halina pa kushika linapanda na mashine. Simamisha mashine iguse trei, bana mara moja, hesabu mpaka mbili, inua moja kwa moja juu. Mbili tatu za kwanza huwa zinakataa kwasababu ndani kuna hewa, zirudishe.

Ile mashine ya kusagia nyama inatoa utepe mrefu wenye mistari, upokee kwa mkono wa kushoto uulaze kwenye kibao, kata urefu wa kidole. Ukitaka pete unaunganisha ncha. Mashine ioshwe vizuri mno kama jana ilisaga nyama, harufu ya kitunguu swaumu kwenye biskuti haitoki.

20. Za gogo zinakuwa bapa upande mmoja nikikata.

Geuza gogo robo mzunguko kila baada ya kukata vipande vitatu vinne, na kisu kiwe chembamba na kikali. Ili gogo ligande duara, liviringe kwenye nailoni, lichomeke ndani ya ule mrija wa boksi wa karatasi ya jikoni uliopasuliwa kwa urefu, weka friza. Hii ndo njia naipendekeza kwa mtu mwenye watoto wadogo na muda mchache, unatengeneza leo unakata vipande kumi tu wageni wakija.

21. Nataka za tende, zinapasuka na tende inatoka.

Tende isiwe na maji, ikaange na samli kidogo na hiliki mpaka iwe donge lisilonata, ipoe, ndo uifunge. Gamba lisiwe jembamba kuliko milimita 4 hivi, na maungio yakae chini kwenye trei. Ndugu zetu wa Muscat na Ghuba wana vibao vya mbao vilivyochongwa vya maamul, biskuti zao za kujaza tende, unabonyeza kidonge ndani unakigonga mezani kinaanguka kikiwa na ua juu. Nyunyiza unga ndani ya kibao kila mara, na ukigonga gonga ncha ya kibao, sio uso wake. Ukiwa huna, alama za uma zinapendeza vilevile.

## Kwenye moto

22. Nimekata nyota, zimetoka duara zote. Tatizo nini?

Hili ndo swali namba moja. Pitia hivi kwa mpangilio: zilikuwa baridi zilipoingia (6)? Sukari ya aina gani (4)? Uliweka bekingi pauda kiasi gani (2)? Kama vyote viko sawa basi ni oveni haikuwa imepata moto. Inatakiwa iwe nyuzi 170 hadi 180 kabla trei haijaingia, washa dakika 15 au 20 mapema. Kwenye oveni ya uvuguvugu siagi inayeyuka polepole na umbo linalala kabla unga haujakaza. Na usipange donge kwenye trei iliyotoka kwenye moto sasa hivi, hiyo trei peke yake inatosha kuliyeyusha, imwagie maji chini, ipoe, ifute.

Za milimita 5 zinachukua dakika 10 hadi 14. Angalia kingo, zikianza rangi ya asali toa.

23. Nachomea mkaa, umbo litashika?

Litashika, shida ni chini kuungua. Sufuria kubwa zito, ndani mchanga mkavu au kokoto kiasi cha vidole viwili, funika, ipate moto nusu saa. Trei ndogo juu ya mchanga, mfuniko, makaa mengi juu ya mfuniko na machache chini. Moto wa juu ndo unaokausha uso haraka ukashika umbo. Choma chache chache, na usifunue funue, kila ukifunua joto linakimbia na majivu yanaingia.

24. Naweza kuchanganya kubwa na ndogo trei moja?

Hapana. Ndogo zitaungua. Ukilazimika weka kubwa pembeni na ndogo katikati.

25. Zimetoka laini, nirudishe?

Subiri zipoe kwanza, biskuti inakaza ikipoa. Iache kwenye trei dakika tano ndo uihamishe. Kama ikipoa kabisa bado laini, irudishe dakika tano kwenye nyuzi 150. Si aibu, jina lenyewe la biskuti lina asili ya Kilatini lenye maana ya kuokwa mara mbili.

## Maswali ya pembeni

26. Naweza kukata leo nikachoma kesho?

Unaweza, na mi ndo ninavyofanya kwa oda za Idi. Zigandishe kwenye trei friza saa moja, zikishakuwa ngumu zipange kwenye kopo na karatasi kati ya tabaka. Friji siku mbili, friza mwezi. Zinaingia kwenye moto hivo hivo zimeganda, ongeza dakika mbili.

27. Mtoto wangu hali mayai.

Kwa za kukata toa kiini weka maziwa vijiko viwili vya chakula, kimoja kimoja. Nankhatai haina yai tokea asili. Vileja bila yai sivipendekezi, soma tena la 18.

28. Nauza, wateja wanalalamika hazilingani.

Kwa za mkono pima kila kidonge kwenye mizani ndogo ya jikoni, gramu 20 ni saizi nzuri ya nankhatai. Mkono unadanganya hasa ukichoka, kidonge cha mia moja sio sawa na cha kwanza. Kwa za kukata tumia vijiti vya swali la 9 na kibati kimoja kwa mzigo mzima, mteja wa robo kilo asipate saba wakati mwenzie kapata kumi.

29. Kwenye video za Wamarekani biskuti ni nene kama mkate na wanasema usizungushe kibati, na sisi tusizungushe?

Kile ni kitu kingine kabisa. Marekani hasa kusini, biskuti ni kama mkate mdogo laini wa kula na mchuzi au jamu, hauna hamira, unafumuliwa na bekingi pauda na siagi baridi iliyoachwa vipande vipande ndani ya unga, na unyevu wake ni maziwa mgando. Donge linakunjwa mara kadhaa lipate tabaka, linasukumwa unene wa sentimita mbili na nusu. Ukizungusha kibati unaziba kingo, tabaka zinashikana, haliinuki au linainuka limeegemea upande. Kwa hiyo wao wanabonyeza moja kwa moja chini na kuinua, wanazipanga zikigusana ili zipande juu, moto mkali nyuzi 220.

Kwa biskuti zetu nyembamba hakuna tabaka la kuziba, kutikisa kidogo kama nilivyosema la 13 hakuna ubaya, ila kuzungusha kabisa kunavuta donge na nyota inapinda. Na zetu zisigusane, ziache upana wa kidole.